Chupa ya Mafuta ya Taa na Vikuku vya Kabula

Nyie vijana mnaopita hapa Kawajense asubuhi mkienda kuomba vibarua vya kupima ardhi, kabla hamjafika kwa msimamizi, vueni vyuma. Mkanda wenye chuma tumboni, vua. Funguo za nyumbani, mwachie mdogo wako. Kile kisu cha kumenyea muwa kinachokaa mfukoni, kitoe. Na wewe binti, chomoa vibanio vya nywele na ile pini uliyofungia sketi baada ya zipu kuharibika. Najua ipo, na mimi nilikuwa nayo. Usijiambie kwamba kitu kimoja kidogo hakina neno. Mimi niliona mwamba wa chuma ukitembea kwa miguu miwili kutoka kigingi hadi kigingi, na mwenye mwamba huo akaapa kwa Mungu kwamba hajavaa kitu. Na hakusema uongo. Nitafika huko, msinikimbize.

Jina langu Yustina, ila wengi mnanijua kama Mama Rozi. Shule niliachia darasa la tatu. Kusoma nasoma, kuandika naandika hivi mnavyoona, polepole kama kinyonga anayevuka barabara. Miaka ya tisini walikuja watu wa kutafuta madini kwenye vilima vyetu. Vifaa vyao vilishushwa stesheni ya treni kwenye masanduku yaliyojazwa maranda ya mbao, kisha wakatafuta watu wa kuwabebea. Wanaume walikimbilia kufyeka njia, maana kazi ya panga inaeleweka. Kazi ya mlingoti hakuna aliyeitaka. Ulikuwa wa mbao, mrefu kunizidi, na juu yake imefungwa chupa nyeupe ya plastiki iliyozungushiwa waya, na mjini ilishaenea habari kwamba chupa ile inanyonya damu za watu. Nikaisogelea, nikainusa. Ilikuwa mafuta ya taa. Nikasema, kama ni mafuta ya taa, mimi nimeyabeba kichwani tangu nikiwa mtoto, leteni.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Lyimo, kijana wa Kichaga, mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi kwa sababu skrubu zake alizing'oa mwenyewe asije akaidanganya mashine. Wafyekaji walikuwa Petro Nsokolo, Ramadhani wa Makanyagio, Simoni mwenye mwanya, na Leopodi aliyekuwa anaimba nyimbo za kwaya hata akiwa amebeba gogo. Aliyewasimamia ni Mzee Kanondo, Mfipa, ambaye babu yake alikuwa anayeyusha chuma kwenye tanuru la udongo huko kwao. Hao wengine nawataja ili wasisahaulike tu. Mzee Kanondo mshikeni, atahitajika.

Sasa chupa ya mafuta ya taa inapimaje ardhi? Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Bwana Lyimo akatuambia tuifikirie pia ya mtoto, ile inayochezwa kwa kamba. Ndani ya mafuta mna punje ndogo sana, hazionekani hata kwa darubini ya hospitali, na kila moja inazunguka kama pia. Ukipitisha umeme wa betri kwenye ule waya, pia zote zinainamia upande mmoja, kama mahindi yanapopigwa na upepo. Ukikata umeme, upepo umekwisha. Hapo zinataka kurudi kuitii dunia, kwa sababu dunia nayo ni sumaku. Lakini pia hairudi moja kwa moja. Mmeshaona pia inapochoka, inavyoyumba ikizungusha kichwa? Hizo zote zinayumba pamoja, na kuyumba kwake kunapiga sauti ndani ya waya. Dunia inapovuta kwa nguvu, zinayumba haraka. Inapovuta kidogo, zinayumba taratibu. Kisanduku alichokuwa anavaa kifuani kilikuwa kinahesabu mwendo huo na kutoa namba. Palipo na mawe yenye chuma chini, namba inabadilika. Basi, ndiyo siri yote.

Siku moja alinivalisha kisikilizio cha masikioni kilichounganishwa na kile kisanduku. Nikasikia mluzi mwembamba, kama wa mtu aliye ng'ambo ya mto, ukafifia kabla sijameza mate. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena. Akasema, "Mama Rozi, betri."

Mbinu za mlingoti zinataka utulivu, nguvu si kitu. Ukifika kwenye kigingi unausimamisha wima, na mshale uliochorwa kwenye chupa unatazama linakochomoza jua, la sivyo mluzi unakuwa hafifu na namba hazieleweki. Usiuegemee kama mchungaji anayesubiri ng'ombe wanywe maji. Usikohoe. Anayekuja na baiskeli, mpigie kelele akiwa bado mbali. Kengele ya ng'ombe inatosha kuharibu kigingi kizima, na paa la bati la kanisa ndilo usiseme, tulipolikaribia namba zilichachamaa kama pombe ya siku tatu. Bwana Lyimo mwenyewe alituponza siku za mwanzo kwa viatu vyake vipya vyenye chuma kwenye vidole. Tuligundua alipovivua kuvuka kijito, namba zikawa na adabu ghafla. Akanunua katambuga za tairi sokoni, kumbe tairi lina nyaya ndani na misumari juu yake. Mwisho akatembea na viatu vya plastiki kama vya mtoto wa chekechea, na miiba yote ya Katavi ikamfahamu.

Halafu kuna siku kifuniko cha chupa kilipata ufa, mafuta yakavuja yote njiani. Bwana Lyimo akakaa chini kwenye majani akishika kichwa. Alijua kuagiza chupa nyingine kutoka Dar kwa treni ni kusubiri hadi mvua zianze. Nikamuuliza, yale ya dukani yana kasoro gani? Akanitazama, akacheka, akasema hayana kasoro. Tukayanunua dukani, tukayachuja kwa kipande cha kanga safi, tukaziba ufa kwa gundi ya baiskeli, na mluzi ukarudi. Akatuambia hata maji yangeimba, ila kwa unyonge. Leopodi akauliza kama gongo nayo ingeimba.

"Gongo ingeimba vizuri tu," akasema Bwana Lyimo, "lakini isingefika kazini."

Mchana tukirudi kambini, Ilembo, palikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi. Nilikuwa napika mawe.

Msicheke. Mawe meusi ya kwetu yanafanana kwa macho lakini tabia zake ni mbalimbali, na Bwana Lyimo alitaka kuyajua kwa tabia. Kila aina ina joto lake ambalo likifika, jiwe linaachana na sumaku. Fikiria samli. Asubuhi ya baridi imeganda kwenye kibuyu, jua likipanda inafika mahali inaacha kuganda. Ni samli ile ile, haikuongezwa kitu wala kupunguzwa. Chuma nacho kina mahali pake, ila chenyewe hakiyeyuki. Ukikishika kwa koleo ni kigumu vile vile, lakini ndani yake kile kinachoshikana na sumaku kimelegea. Bwana Lyimo aliita badiliko la hali. Mimi niliita kulala, na baada ya muda hata yeye akawa anasema, "Mama Rozi, hili limelala."

Tulifanya hivi. Jiko letu lilikuwa la ukuta wa udongo. Ndani nilichimba tanuru dogo, Mzee Kanondo akalitengenezea mivuo ya ngozi ya mbuzi na bomba la udongo kama alivyofundishwa na babu yake, bila msumari hata mmoja. Jiwe linakaa ndani ya chungu. Nje ya ukuta, mkabala na chungu, tunasimamisha ile chupa. Ukuta wa udongo hauizuii sumaku, ila unauzuia moto, na mnajua moto na mafuta ya taa ni ndugu wasiolala nyumba moja. Kwanza tunapima jiko tupu, maana hata udongo ulioungua una neno lake. Halafu tunaweka jiwe, namba inahama. Halafu mimi napuliza.

Mkaa uwe wa mti wa mtundu, unashika joto na hauruki cheche. Ukipeleka moto kwa pupa, jiwe linapasuka na kukurukia usoni. Ukienda polepole, namba inaanza kurudi kwenye ile ya jiko tupu, inajivuta, inajivuta, halafu karibu na mwisho inaporomoka yote kwa mara moja kama mzee aliyechoka kujikaza na usingizi. Mawe mengine yalikuwa yanalala kabla hayajawa mekundu hata kidogo. Mengine mpaka rangi ifike wekundu mzito wa damu ya mzee. Ukiacha kupuliza, jiwe linapoa, na likifika joto lile lile linaamka. Yapo yaliyoamka na nguvu kuliko yalivyolala, na Bwana Lyimo akasema hayo moto umeyageuza tabia kabisa, ni mawe mengine sasa. Siku hizi naambiwa wanapima kwa vindege visivyo na rubani na mawe wanayapeleka maabara kwa ndege kubwa. Sawa. Lakini kuliona jiwe likisinzia, hilo hamlipati kwenye ndege.

Njia zilipozidi nikashindwa kubeba mlingoti peke yangu, ndipo nikamleta Kabula.

Kabula alikuwa mwanamke wa Kisukuma kutoka Kasansa, kule Mpimbwe, ambako ukoo wa mume wake ulihamia na ng'ombe. Nilimfahamu sokoni akiuza samli, anacheka kwa kichwa chote. Ng'ombe wao wengi walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, mume wake Masanja ameenda mbali kutafuta malisho kwa waliobaki, na yeye ana mapacha wadogo, Kulwa na Doto. Doto alikuwa na kifua kibovu, kila baridi ikiingia anapumua kama mlango usiotiwa mafuta. Watoto aliwaacha kwa mama mkwe wake, akaja mjini ili dawa ya Doto isiwe inasubiri ng'ombe auzwe. Alikitaka kibarua kile kuliko mtu yeyote pale. Nikamwambia Bwana Lyimo, huyu mimi namjua, mchukue.

Na alikuwa mzuri. Mkono wake hautetemeki, mshale wake unatazama jua kama jogoo. Nilimwambia avue vyuma vyote, akavua hereni, akavua shanga za kiunoni zenye waya, akatoa pini kwenye kanga. Nikamuuliza kama vimekwisha. Akasema vimekwisha.

Siku zangu mimi nikibeba, namba zinakaa vizuri. Siku zake, tunaenda na namba hii, tunarudi kwenye kigingi kile kile na namba nyingine. Bwana Lyimo akadhani betri, akabadilisha. Akadhani waya. Akadhani jua, maana jua nalo likiamua linaisumbua dunia. Akatuma ujumbe ofisini kwao kwamba mashariki ya Ilembo kuna kitu kikubwa, ofisi ikafurahi, wakasema pimeni tena. Tukapima tena na mimi ndiye mbebaji, kitu kikubwa hakipo. Akapima na Kabula, kipo, lakini kimehama.

Mzee Kanondo ndiye aliyesema, akiwa amekaa juu ya kisiki anatafuna ugali wa asubuhi, "Mwamba huu unatembea. Na unatembea na huyu mama."

Tukamsimamisha Kabula mbali, tukaacha chupa imesimama peke yake, tukamwambia asogee taratibu. Kila alivyosogea, namba ikaenda naye. Nikampeleka nyuma ya kichuguu nimkague. Nikapandisha mkono wa blauzi yake. Juu ya kiwiko cha mkono wa kulia, ule unaoushika mlingoti karibu na chupa, palikuwa na vikuku viwili vya chuma, vinene, vimebana nyama mpaka ngozi imeota kuvizunguka.

"Kabula, si nilikwambia vyuma vyote?"

Akatazama mkono wake kama mtu anayeonyeshwa pua yake mwenyewe. "Hivi?" akasema. "Mama Rozi, hivi si vya kuvaa. Hivi ni watoto."

Nikaelewa kwamba hakunificha kitu. Ungemwambia vua vyote, asingefikiria kuvua na masikio.

Akanieleza wakati tunarudi. Kwenye ukoo wa mume wake, wakizaliwa mapacha, mama mkwe anachukua jembe la zamani la nyumba ile, linapelekwa kwa mfua chuma, linatolewa vikuku viwili. Kinene ni cha Kulwa, aliyetangulia. Chembamba ni cha Doto, aliyefuata. Mama mkwe anavivisha kwa mkono wake mwenyewe, na havitoki mpaka watoto wang'oe jino la kwanza. Na mkono uliovisha ndio unaovua. Mama akikaa mkono mtupu kabla ya hapo, watoto wamebaki uwanjani bila ua. Angekuwa na watoto wazima wote wawili labda angethubutu, alisema. Lakini ana Doto.

Bwana Lyimo hakufoka. Alikaa nami jikoni, akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema njia zote za Kabula zitarudiwa, hilo si neno. "Mama Rozi, ni mtu mzuri kazini," akasema. "Lakini siwezi kupima mkono wake nikaandika kwamba nimepima Ilembo." Akampa hadi mwisho wa juma, awe amevivua au aache kazi.

Nikampa dereva wa lori la mpunga maneno ya kupeleka Kasansa, kwa Mama Masanja, mama mkwe wake Kabula. Sikuomba kitu. Nilisema tu njoo umwone mkweo, ana shida ya vikuku.

Alikuja kwenye lori hilo hilo, amekaa juu ya magunia, kibuyu cha maziwa mgando mapajani. Mwanamke mrefu, mkavu, vyuma mikononi na miguuni, akitembea unasikia duka la vyombo. Watoto aliwaacha kwa wifi. Hakuketi hata. Alimwambia Kabula, "Funga mzigo wako." Kabula akapiga goti kumsalimia. Mama Masanja akanigeukia mimi.

"Nimesikia mnapima nchi kwa kibatari kisichowaka."

"Ndiyo mama," nikamjibu. "Na nyie tumesikia mnapima akili kwa kuhesabu kwato za ng'ombe."

Akanikazia macho, halafu meno yakamtoka. Akaketi. Nikajua tumepata mchana mmoja.

Kwa bahati nilikuwa na jiwe motoni. Akataka kujua kwa nini napika jiwe na si chakula, na kwa nini Bwana Lyimo anasomea namba nje kama mtangazaji wa mpira. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie, samli na yote. Akasikiliza namba zikijivuta, akasikia zilivyoporomoka. Akamwita Bwana Lyimo aje dirishani.

"Mwanangu, kile kitu cha ndani ya chuma, kikilala kinaenda wapi?"

"Hakiendi popote, mama. Punje zake ziko mle mle. Chuma kikiwa baridi zinashikana mikono, zote zinatazama upande mmoja. Joto likizidi zinaachiana, kila moja inatazama kwake. Kikipoa zinashikana tena."

"Umewahi kuona zikikataa kushikana?"

"Kwa chuma cha jembe, hapana."

Akakoroga maziwa kwa kidole. Mzee Kanondo akamwambia kwamba babu yake alikuwa akisema chuma kikirudishwa motoni hakijavuliwa, kimeenda kusalimia kwao. Mama Masanja akasema Wafipa wana maneno matamu kwa sababu hawana ng'ombe wa kuwashughulisha. Halafu akasema anataka kuona kwa vyake.

Kabula akasimama. "Mayu," akasema, ndivyo wanavyomwita mama, "Doto."

"Najua jina lake. Nilimpa mimi." Akachota samli kwenye kikopo chake, akampaka mkono, akaanza kuvivuta vile vikuku, kimoja kimoja, taratibu, Kabula amefunga macho na machozi yanapita. Vilipotoka ngozi chini yake ilikuwa nyeupe kama ya mtoto. Na hapo hapo, kabla upepo haujaigusa ile ngozi, Mama Masanja akaishika kwa kiganja chake, akaibana. "Mpaka virudi," akasema, "kikuku ni mkono wangu."

Nikaviweka kwenye chungu. Vyuma vyake mwenyewe alikuwa amevirundika mbali, kwenye mti, na tukapima jiko tupu kwanza. Vikuku vikaingia, namba ikahama. Mzee Kanondo akashika mivuo. Hata Leopodi aliacha kuimba. Bwana Lyimo anataja namba nje ya ukuta, zinajivuta. Vikuku vikawa vyeusi vya bluu, kisha wekundu wa gizani, kisha wekundu wa pilipili. Namba ikaporomoka.

"Jiko tupu," akasema Bwana Lyimo.

Mama Masanja akachungulia chunguni. Vikuku vipo, vinang'aa, na mashine inasema hamna kitu. Nikauona mkono wake ukizidi kumbana Kabula. Ni yeye aliyekuwa ameamua, na sasa ameogopa, na mtu mzima akiogopa mbele ya mkwewe haonyeshi. Mzee Kanondo akaacha kupuliza. Tukasubiri. Bwana Lyimo akasema jiko tupu. Akasema tena jiko tupu. Kabula midomo inatembea bila sauti.

Kisha kutoka nje akasema, "Kimoja kimerudi."

"Kipi?" akauliza Mama Masanja.

Mzee Kanondo akainama. Kinene kilikuwa bado chekundu katikati. Chembamba, kwa sababu ni chembamba, kilishapoa kikawa cheusi.

"Chembamba," akasema.

"Cha Doto," akasema Kabula. Akakaa chini kwenye majivu na nguo zake safi, akacheka na kulia kwa pamoja, mama mkwe bado amemshika mkono, ikabidi na yeye akae. Kinene kilifuata baadaye kidogo, lakini nasikitika kusema hakuna aliyekishangilia.

Asubuhi Mama Masanja hakumwambia tena mtu afunge mzigo. Alisokota kikuku cha singa za mkia wa ng'ombe, kisicho na chuma, akamfunga Kabula pale penye ngozi nyeupe. Vya chuma akavizika kwenye majivu ya jiko langu, vilale huko wakati wa kazi. Lakini jioni vinatakiwa virudi mkononi, na mkono wa kuvisha na kuvua ni wake, na yeye ana safari ya Kasansa. Akaniita. Akamimina maziwa mgando kwenye viganja vyangu, akayasugua mpaka kwenye vifundo. "Wewe mwenye ulimi," akasema, "mkono wangu nauacha kwako. Usiupike." Hakuniuliza kama nimekubali.

Tukaenda kwenye njia ya kupimia. Kabula akasimamisha mlingoti kwenye kigingi cha kwanza, mshale ukatazama jua. Bwana Lyimo akasoma. Tukaenda hadi mwisho wa njia, tukarudi. Kwenye kigingi kile kile akasimamisha tena. Bwana Lyimo akasoma, akasogeza miwani, akasoma mara ya pili.

"Ile ile," akasema.

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Kabula akauliza tu kama tunarudi kambini mapema.

Chini ya mashariki ya Ilembo, kama mnataka kujua, hapakuwa na kitu. Bwana Lyimo alimaliza kazi yake, akatuaga mmoja mmoja kwa jina, akaniachia mlingoti bila chupa. Naanikia nguo. Na Kabula alibeba hadi siku ya mwisho ya kazi. Kila asubuhi nilivivua vile vikuku kwa samli, kila jioni nikavitoa kwenye majivu, nikavipuliza vumbi, nikamvisha, kinene kwanza, chembamba kufuata. Hata kazi ilipokwisha alikuwa akisafiri kutoka Kasansa likitokea jambo la vikuku, kwa sababu mkono ulikuwa huku.

Mara ya mwisho alikuja na watoto wote wawili. Kulwa alikuwa bado ana meno yote, amenuna. Doto ndiye aliyetangulia safari hiyo. Alikimbia kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu bila kusimama kupumua, akafungua kiganja, jino limo. Nikanawa mikono, nikaenda kuchukua samli.